Kuchagua fremu na foki ya hadteli bila kupigwa: mwongozo kamili kwa sisi tunaonunua mtumba

Foki yangu ya kwanza ya hewa (foki ni ule uma unaoshika gurudumu la mbele, ya hewa ni ile ambayo shokapu yake inatumia upepo badala ya springi) niliibeba mgongoni kwenye begi hadi kwa fundi, natabasamu peke yangu njia nzima kama nimeokota hela. Fundi akaichukua, akaisukumia kwenye shingo ya fremu, ikapanda vizuuuri, ilipobaki kama vidole vinne ikagoma. Akaitoa akaiangalia. "Mdogo wangu, hii imenona huku chini, fremu yako nyembamba." Nikamuuliza si anaweza kuichonga kidogo, akacheka mpaka waliokuwa kwenye benchi wakageuka.

Kosa langu ni kwamba nilinunua foki kwa sababu ni nzuri, sikujua fremu yangu inataka nini. Fremu ndo inachagua foki, we unalipa tu. Kwa hiyo hapa tunaanza na fremu, foki inakuja nyuma, na ukiwa na foki tayari bila fremu basi soma hivyo hivyo alafu uombe bahati.

Kwa ambaye bado: hadteli ni ile baiskeli ya mlimani yenye shokapu mbele tu, nyuma mkavu. Kwa mazingira yetu mi naona ndo baiskeli ya akili, maana zile za shokapu mbele na nyuma zina beringi kibao kwenye viungo vya fremu na zikianza kulia hujui utazipata wapi.

Hatua ya 1: Sema ukweli kuhusu njia unazopita

Sio njia unazoziona kwenye video, unazopita wewe. Mi nakaa Arusha, wiki nzima ni lami na vumbi, Jumamosi napanda kuelekea msitu wa Olmotonyi ambako kuna mizizi, makorongo ya mvua na vumbi laini la volkano linaloingia mpaka kwenye soksi. Mtu wa Dar anayekwenda Pugu anakutana na mchanga. Wa Lushoto ana mawe na mteremko usioisha. Hawa watu hawahitaji baiskeli moja.

Kama ni barabara za vumbi, safari ndefu na kupanda vilima, tafuta fremu iliyotengenezwa kwa foki inayozama milimita 80 hadi 100. Kama unashuka kwenye mizizi na mawe mara kwa mara, 120 hadi 130. Kuanzia 140 kwenda juu ni kwa wanaoruka na kushuka kwa fujo, na kwenye hadteli kuna kikomo chake maana mbele panazama sana nyuma hapazami kabisa, unajikuta baiskeli inainamisha kichwa kila ukigonga shimo.

Hapo hapo kuna suala la ulalo wa shingo. Baiskeli za zamani za mashindano ya msituni shingo inasimama kwenye nyuzi 70 au 71, zinageuka haraka na zinapanda vizuri, ila ukishuka pabaya unahisi unaenda kupitia juu ya usukani. Za siku hizi zimelala, 66 hadi 68 kwa matumizi ya kawaida na 64 hadi 65 kwa wale wa fujo. Kujua ya kwako, weka simu yenye programu ya kupima nyuzi juu ya mguu wa foki, baiskeli ikiwa kwenye sakafu iliyo levo. Kwenye foki ya shokapu mguu unaenda sambamba na shingo, kwa hiyo namba unayoipata ndo yenyewe.

Hatua ya 2: Saizi, na usidanganywe na inchi

Muuzaji atakwambia "hii ni 18, inakufaa". Ile 18 ni urefu wa bomba la siti kwa inchi, na siti unaweza kuipandisha na kuishusha, hivyo namba hiyo haisemi mengi. Kwa makadirio tu, mtu wa sentimita 165 hadi 178 ni saizi M, chini ya hapo S, juu mpaka kama 188 ni L. Ila makampuni hayafanani, na fremu ya M ya mwaka 2010 ni fupi kuliko M ya leo kwa tofauti unayoihisi mgongoni.

Namba ya maana ni umbali wa kwenda mbele, kutoka usawa wa ekseli ya pedeli hadi usawa wa kilele cha shingo ya fremu, wenyewe wanauita richi. Unaipima hata sokoni ukiwa na tepu: simamisha baiskeli wima, tairi la nyuma ligusane na ukuta. Pima kutoka ukutani hadi katikati ya ekseli ya pedeli, alafu kutoka ukutani hadi katikati ya kilele cha shingo, tepu ikiwa levo mara zote. Toa. Mfano umepata milimita 803 na 1,238, richi ni 435, hiyo ni M ya kisasa. Ukipata 400 kwenye fremu iliyoandikwa M usishangae, ni ya zamani, ilikuwa inafungwa stemu (kile kipande kinachoshika usukani) ndefu ya milimita 90 au 100 ili kufidia. Ukiifunga stemu fupi ya 50 kwa sababu umeona wengine wanafunga fupi, magoti yanakaribiana na usukani. Nimeona.

Kisha simama umepanua miguu juu ya bomba la juu. Pawe na nafasi, sentimita 3 mpaka 5 angalau. Hii haihitaji maelezo.

Hatua ya 3: Chuma, alumini au kaboni

Alumini ndo nyingi sokoni, nyepesi, haishiki kutu ya kuila fremu, bei nzuri. Tatizo lake ni kwamba ikipasuka imepasuka. Fremu nyingi ni aina ya 6061 ambayo baada ya kuchomelewa kiwandani inapitishwa kwenye moto maalum ili irudishe nguvu, na fundi wa kuchomelea wa mtaani hana hiyo tanuri, kwa hiyo hata akiichomea ikang'aa pale pembeni ya weldi pamekuwa laini. Ataichomea kweli, utaondoka umefurahi, na itakatika sentimita mbili pembeni.

Chuma cha kromoli, kile cha 4130, ni kizito kidogo ila kinasamehe. Kikipinda kinanyooshwa, kikipasuka fundi mwenye mkono mzuri anakichomea na maisha yanaendelea. Hakikisha tu ndani hakujaoza: toa siti, piga tochi ndani ya bomba, na kama unaweza legeza ekseli ya pedeli uangalie chini, maji ya mvua yanashuka kupitia bomba la siti na kukaa pale. Wa Tanga na Dar muwe makini zaidi, chumvi ya bahari haina urafiki na chuma.

Kaboni ya mtumba mi sinunui. Sio kwamba ni mbaya, ni kwamba ufa wake unaweza kujificha chini ya rangi na sina namna ya kuuona. Mwenye hela ya kununua mpya dukani na risiti, twende.

Hatua ya 4: Kukagua fremu ya mtumba (usikimbie hapa)

Nenda mchana. Sio saa moja jioni muuzaji anafunga, na sio imelowa maji. Beba kitambaa, spiriti kidogo, tochi, tepu na kamba ya mita tatu.

Futa kwanza sehemu nne: chini ya shingo pale bomba la chini linapokutana nayo, juu pale siti inapobanwa, kuzunguka ekseli ya pedeli, na pale mabomba ya nyuma yanapoishia kwenye gurudumu. Ufa wa alumini unaanzia pembeni mwa weldi, ni kamstari kembamba keusi, mara nyingi kamejipinda kufuata weldi. Mkwaruzo wa rangi ukiufuta na spiriti unabaki rangi ile ile au unang'aa, ufa unabaki mweusi maana uchafu umeingia ndani. Pitisha kucha. Ikikwama, mrudishie mwenyewe. Kama kuna stika mpya kwenye fremu ya zamani, jiulize inaficha nini, mi huwa naomba ruhusa ya kuibandua na nikikataliwa naondoka.

Alafu chini ya bomba la chini, nyuma kidogo tu ya shingo, pitisha kiganja. Ukihisi kakuvimba au kamkunjo, baiskeli hiyo iligonga kitu uso kwa uso. Rangi inaweza kuwa nzuri kabisa, mkono haudanganyiki.

Sasa kamba. Toa gurudumu la nyuma kama muuzaji anakubali, funga kamba kwenye uma wa nyuma kushoto, izungushe shingoni, irudishe uma wa kulia, ikaze. Pima kutoka bomba la siti hadi kamba, kushoto na kulia. Tofauti ya milimita moja au mbili, sawa. Ikifika tano fremu imepinda, baiskeli itakuwa inavuta upande mmoja na utamlaumu fundi wa rimu bure.

Cha mwisho ni sikio la gia, kale kachuma kanakoshika gia ya nyuma. Kwenye alumini kanatakiwa kawe kanafunguka na skrubu, maana kametengenezwa kavunjike kenyewe kabla ya fremu. Kila fremu ina la kwake, yapo aina nyingi sana, kwa hiyo piga picha na ulitafute la akiba siku hiyo hiyo, usisubiri livunjike porini.

Hatua ya 5: Namba za kuandika kwenye simu kabla hujaenda kutafuta foki

Shingo kwanza. Kama shingo ina kipenyo cha ndani cha milimita 34 juu na chini, inakubali shina (lile bomba la foki linaloingia shingoni) nyoofu tu, lile la inchi 1 na 1/8 (milimita 28.6). Kama ni 44 juu na 44 chini una bahati, inakubali nyoofu na pia tepa, yaani shina linalonona hadi inchi 1.5 chini, ukiweka hedseti (beringi za shingo na vikombe vyake) yenye kikombe cha nje upande wa chini. Kama ni 44 juu na 56 chini ni fremu ya tepa, na hiyo pia inaweza kuvaa foki ya shina nyoofu kwa kuweka pete ya kupunguzia. Kwa kifupi shingo nene inakaribisha foki nyembamba, shingo nyembamba haikaribishi nene. Mi nilikuwa na 34. Basi.

Gurudumu: 26, 27.5 au 29. Kama tairi limeandikwa namba ndogo ndogo usome hizo ndo za kuaminika, 559 ni ishirini na sita, 584 ni ishirini na saba na nusu, 622 ni ishirini na tisa.

Upana wa nyuma pale gurudumu linapokaa, kwa milimita: 135 na ekseli nyembamba ya kwikirilisi (ile ya kufungua kwa mkono kwa kishikizo), 142 na ekseli nene ya milimita 12, au 148 ambayo wanaiita Boost. Kwenye karatasi 148 ndo bora, rimu inakuwa imara zaidi. Kwa uzoefu wangu wa kuchimba mitumbani ni 135 ndo utapata gurudumu wikiendi hii, 148 utaagiza.

Breki: lazima pawe na masikio ya diski nyuma, sio vile vijiti vya breki za mpira peke yake. Foki nyingi nzuri hazina vijiti kabisa, na habu yako ya mbele (kile kitovu cha gurudumu) isipokuwa ya diski hiyo ni gharama nyingine ambayo hukuipanga.

Nguzo ya siti, ile inayoingia kwenye bomba la siti: milimita 27.2, 30.9 au 31.6, imechorwa kwenye nguzo yenyewe. Na ekseli ya pedeli, penda ya nyuzi (inayofungwa kwa kuzungushwa kama skrubu) kuliko ile ya kugongelewa, ya nyuzi fundi yeyote anaifungua na ya kugongelewa vumbi likiingia inalia kama mlango wa stoo.

Hatua ya 6: Foki ya kweli na foki ya mapambo

Kuna foki zina springi mbili za kalamu ndani na plastiki, zinazama ukizikandamiza dukani na zinarudi kama manati. Hizo zina uzito wa kilo mbili na nusu hivi na kazi yake ni kupendeza. Kama bajeti inaishia hapo, ushauri wangu ambao watu hawaupendi: weka foki kavu isiyo na shokapu, tairi pana, upepo mdogo. Utapanda vizuri zaidi na utashuka salama zaidi, na hakuna cha kuharibika.

Inayofuata ni springi za heshima, mfano SR Suntour XCM. Inafanya kazi, haihitaji pampu, ila springi imewekwa kwa mtu wa uzito wa kati. Kile kitufe cha kuzungusha juu hakibadilishi ugumu wa springi, kinaibana tu mwanzoni, kwa hiyo mtu wa kilo 55 na wa kilo 95 wote watanung'unika.

Hewa ndo unayoitaka. Suntour Raidon na Epixon, RockShox Judy, Recon, Reba, hizi ndo majina utakayokutana nayo. Unaweka upepo kulingana na uzito wako, na foki kama Reba inakaa karibu kilo 1.6 au 1.7, ukilinganisha na ile ya mapambo ni kama umeshusha chupa ya maji mbele. Wenye shingo ya 34 kama mimi msikate tamaa, Judy Silver na Recon Silver zipo zenye shina nyoofu. Angalia na unene wa mabomba ya juu ya foki, yale yanayong'aa, kwa milimita: 30 inatosha kwa mtu mwepesi na njia laini, 32 ni ya wengi wetu, 34 na 35 ni kwa miili mikubwa na miteremko mikali.

Hatua ya 7: Usiizidishe urefu

Jamaa yangu mmoja alipata foki ya kuzama 140 kwa bei ya kutupa, fremu yake ilikuwa ya 100. Ikaingia, ikapendeza, mbele imeinuka kama pikipiki ya porini. Kila milimita 20 za ziada zinalaza shingo kama nyuzi moja, kwa hiyo yake ililala karibu mbili, kupanda mlima gurudumu la mbele likawa linaelea tu. Hiyo ni usumbufu. Kibaya ni kwamba foki ndefu ni mtarimbo mrefu unaoinjua shingo ya fremu kila ukigonga, na baada ya miezi kadhaa kamstari keusi kakatokea pale pale chini ya shingo. Hakuanguka, mshukuru Mungu, aliona akiwa anaosha.

Ukizidisha 20 juu ya kile fremu ilichotengenezewa, wengi wanafanya na fremu nyingi zinavumilia, ila angalia kwanza kampuni imeandika nini kuhusu kikomo. Zaidi ya hapo hapana. Na usipime kwa kuzama tu, pima urefu mzima kutoka ekseli hadi taji la foki (pale miguu miwili inapoungana juu), maana foki ya 100 ya gurudumu la 29 ni ndefu kuliko foki ya 100 ya 26.

Ukitaka kuchanganya magurudumu, mfano tairi la 27.5 kwenye foki ya 26, toa upepo wote kwenye foki ikandamize hadi mwisho. Tairi likigusa taji, likikukuta mteremkoni linafunga kama breki. Wengi wanajaribu na upepo ukiwa umejaa, wanaona nafasi ipo, wanaondoka.

Hatua ya 8: Kukagua foki ya mtumba

Shina kwanza, kabla hata ya kuuliza bei. Limekatwa kwa ajili ya mtu mwingine, na likiwa fupi ndo basi, haliungwi, usikubali fundi akwambie atalichomelea kipande, usukani wako na meno yako vinategemea hilo bomba. Hesabu: urefu wa shingo ya fremu, jumlisha hedseti, jumlisha pete za kujazia chini ya stemu, jumlisha stemu ambayo ni kama 40, zote kwa milimita. Shingo ya 120, hedseti 20, pete 10, stemu 40, unahitaji 190. Muuzaji ana 175, mwambie asante mzee.

Mabomba ya juu yanayong'aa: pitisha kucha kuzunguka yote, hasa nyuma ambako macho hayafiki. Mkwaruzo unaokwamisha kucha utakata sili, oili itatoka, vumbi litaingia. Pakiwa pamechubuka mpaka rangi ya chini inaonekana, huo ni msuguano wa siku nyingi bila oili.

Ifunge au iweke sakafuni, kandamiza mara kumi. Isikilize. Inatakiwa ipumue, sio igonge. Alafu washa loki (kitufe cha kuizuia foki isizame), ikigoma kuzama loki ni nzima. Na ikiwa kwenye baiskeli, bana breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma, kidole chako kikiwa kwenye maungio ya mguu wa chini na bomba. Mchezo mdogo sana ni kawaida, ila ukisikia "tok tok" kwenye kidole bushi (zile pete za ndani ambazo mabomba yanateleza juu yake) zimekwisha. Kama tok tok iko shingoni hiyo ni hedseti, bei rahisi, usiiachie foki nzuri kwa sababu hiyo.

Hatua ya 9: Kuifunga na kuiwekea upepo

Nunua pampu ya shokapu, ile ndogo yenye geji. Usiende kwenye kompresa ya gereji, ndani ya foki hewa ni kidogo sana na ile mashine inapuliza kwa fujo, sekunde moja sili kwaheri. Namba ya kuanzia mara nyingi ipo kwenye stika nyuma ya mguu wa chini, kilo zako dhidi ya psi (kipimo cha upepo).

Funga ile tai ya plastiki ya kufungia waya kwenye bomba la juu la foki, isikaze, isukume hadi iguse sili. Panda baiskeli taratibu ukiwa na begi na maji yako yote, egemea ukuta, simama kwenye pedeli kama unavyoendesha, shuka bila kurukaruka. Pima tai imepanda kiasi gani. Foki ya 100 unataka milimita 15 hadi 20, ya 130 unaweza kwenda hadi 30 hivi. Imezidi, ongeza upepo, psi tano tano. Alafu kile kitufe cha chini cha mwendo wa kurudi: teremka ngazi moja ya barabara umekaa, foki irudi mara moja itulie. Ikirukaruka punguza kasi, ikibaki imezama kwenye mashimo ya kufuatana ongeza.

Baada ya safari ya kwanza kaza tena boliti za stemu na kalipa za breki. Na kwa vumbi letu, futa mabomba na kitambaa kikavu kila ukirudi, usipige maji ya presha kwenye sili. RockShox wenyewe wanasema fungua miguu ya chini ubadilishe oili kila masaa 50 ya kuendesha. Mi nafungua mapema zaidi kiangazi, na kila mara ile oili inatoka rangi ya kahawa. Usiku kabla ya safari ndefu naipindua baiskeli matairi juu, ili oili iloweshe zile sponji za chini ya sili, asubuhi inazama kama imetoka kiwandani. Mama yangu alishazoea kuikuta sebuleni imelala kichwa chini, siku hizi haulizi tena.